Shali ya Shangazi Rubiya

Kila asubuhi Rifat aliamshwa na harufu ya chai ya chumvi iliyokuwa ikichemka jikoni. Alinawa uso kwa maji baridi, akajifunga ushungi, akachukua kitambaa cha kufungia mikate na kutoka mbio kwenda kwa Lassa, mwokaji wa kijiji cha Wanpora. Ilibidi akimbie. Aliyechelewa kwa Lassa alipata mikate iliyopoa na habari zilizopoa pia, maana habari zote za kijiji zilianzia pale mbele ya tanuri.

"Haya, binti wa dereva amefika!" Lassa alisema asubuhi hiyo, huku akichomoa mkate tanurini kwa vyuma vyake viwili virefu. "Hiyo harusi ya shangazi yako ni ya kweli au tunadanganywa? Mbona sioni mgeni hata mmoja?"

"Ni ya kweli, Mzee Lassa. Mpunga ukishavunwa."

"Basi mwambie ale mkate kwa wingi. Bwana harusi nimemwona, ni pande la mtu. Wakikaa kwenye mkeka mmoja, yule bwana akipiga chafya, shangazi yako atatokea dirishani!"

Wanawake waliokuwa wakisubiri mikate waliangua kicheko. Rifat naye alicheka, akafunga mikate yake na kurudi nyumbani akiwa ameikumbatia kifuani ili imtie joto.

Nyumbani kwao walikuwa watano. Baba yake aliendesha lori la matufaha, na msimu wa matufaha ulipofika alionekana kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Walibaki mama yake aliyeitwa Hafiza, shangazi yake Rubiya, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, Babu Sonaullah, na yeye Rifat, aliyekuwa darasa la sita.

Babu alikuwa tayari ameketi mahali pake, kwenye godoro dogo chini ya dirisha kubwa, shali ikiwa imetandazwa magotini mwake. Alikuwa fundi wa kudarizi. Tangu ujana wake alikuwa akipamba shali za manyoya laini ya mbuzi wa milimani, kwa sindano nyembamba na nyuzi za hariri. Mchapaji nakshi alikuwa ameigonga shali hiyo kwa vibao vya mti wa jozi, ikabaki na michoro hafifu ya maua, lozi na majani ya chinari, mti wenye majani mapana kama viganja. Kazi ya Babu ilikuwa kuijaza michoro hiyo kwa uzi, mshono baada ya mshono, mpaka mtu adhani ni rangi iliyopakwa.

Hii haikuwa shali ya kuuza. Ilikuwa ya Rubiya, aivae siku ya harusi yake.

"Nimewapamba mabinti wa watu maisha yangu yote," Babu alikuwa akisema. "Sasa ni zamu ya wangu."

"Na uharakishe, Baba," Rubiya alimjibu siku hiyo huku akimimina chai. "La sivyo nitaolewa nimejifunga blanketi la farasi."

"Ukiendelea na mdomo huo, farasi mwenyewe atalikataa blanketi."

Rifat alipomaliza kunywa chai, alikaa karibu na babu yake na kumtungia nyuzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, kisha akazichomeka kwenye mto mdogo. Alianza kazi hiyo wakati wa majira ya kuchipua. Hapo kabla, Babu alizitunga mwenyewe bila hata kutazama.

"Macho yako bado mapya," Babu alimwambia. "Yatumie. Yangu yamefanya kazi ya kutosha."

Rifat aliona ni utani tu wa babu, akachukua mkoba wake na kwenda shule.

Alasiri moja Rifat alirudi kutoka shule na kumkuta Babu akijitayarisha kwenda msikitini. Alimwachia nafasi yake dirishani. Rifat alipenda kukaa pale. Babu alikuwa amemfundisha kudarizi tangu akiwa mdogo, na mara kwa mara alimruhusu kujaza jani moja au mawili kwenye kitambaa cha mazoezi. Aliinua pindo la shali ili aone kazi ya siku hiyo.

Akaiinamia.

Mishono ilikuwa imetoka nje ya mchoro. Ua moja lilikuwa limepinda kama limekanyagwa. Na lile jani la chinari la pembeni, lililopaswa kuwa la kijani, nusu yake ilikuwa ya buluu. Rifat alilitazama, akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa buluu kabisa. Alikumbuka kwamba asubuhi alikuwa ametunga nyuzi za kijani upande mmoja wa mto na za buluu upande wa pili, na akamwambia Babu. Bila shaka Babu alikuwa amesahau ipi ni ipi. Lakini je, hakuona?

Kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni Babu Ghaffar, jirani yao. Mwaka uliopita mfanyabiashara wa shali aliikunjua kazi ya Ghaffar mbele ya watu, akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, mkono huu umekwisha. Pumzika sasa." Tangu siku ile Ghaffar hakukanyaga tena kwa Lassa. Alikaa ndani na kuutazama ukuta, hata wajukuu zake waliogopa kumsemesha.

"Kwa Babu yangu haitatokea hivyo," Rifat alijiambia.

Alichukua sindano na kuanza kufumua. Alifumua polepole asije akaukwaruza uzi wa shali, kisha akashona upya, akifuata mchoro kama alivyofundishwa. Babu akitoka kuswali alikuwa na desturi ya kupitia kwa Lassa kupiga soga, kwa hiyo muda ulitosha. Aliporudi na kuketi, alipitisha kidole gumba juu ya jani lile, taratibu, kama mtu anayempapasa paka.

"Mkono bado upo," alisema kwa furaha. "Sonaullah bado yupo!"

Rifat alitabasamu. Alijiona amefanya jambo zuri kuliko yote aliyowahi kufanya.

Lakini kesho yake kulikuwa na makosa mengine, na keshokutwa yakazidi. Kila alasiri Rifat alitupa mkoba pembeni, akasubiri Babu atoke, akafumua na kushona. Mama na Shangazi Rubiya walikuwa mashambani au mtoni, hawakujua lolote. Kazi za shule aliziacha. Mwalimu Dilshada alipomwuliza daftari la hesabu liko wapi, Rifat alisema mama yake ni mgonjwa. Alipomwuliza tena wiki iliyofuata, alisema mama bado mgonjwa.

"Pole sana," alisema Mwalimu Dilshada. "Mpe salamu zangu. Nitakuja kumwona."

Rifat aliinamia dawati, akajifanya anatafuta kalamu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, rafiki yake Sumaira alimkamata mkono. "Mama yako mgonjwa? Mimi nimemwona asubuhi amebeba mzigo wa nyasi mkubwa kuliko nyumba yetu! Ni ugonjwa gani huo? Na mimi niutafute."

Rifat alijaribu kucheka, akashindwa. Mwishowe akamsimulia yote.

Sumaira alisimama katikati ya njia. "Kwa nini usimwambie mama yako?"

"Halafu wamnyang'anye sindano? Hujui Babu Ghaffar alivyo siku hizi?"

"Lakini wewe si Babu yako, Rifat. Huwezi kuona kwa niaba yake."

"Ukimwambia mtu, sikusemeshi tena."

"Haya, bibi," Sumaira alisema. "Mdomo nimefunga. Lakini sijapenda."

Siku chache baadaye, walipokuwa wakila wali na mboga za majani, mama yake Rifat alisema, "Baba, leo pale kwa Lassa wamesema madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya. Watapima watu wote, wazee kwa watoto. Twende na wewe ukapimwe."

Babu aliacha kula. "Mimi? Kwa nini?"

"Juzi ulipita karibu nami njiani bila kunisalimu. Na jana umetia chumvi kwenye chai iliyokuwa na chumvi tayari."

"Nilikuwa na mawazo! Mtu mwenye binti kama Rubiya hawezi kukosa mawazo."

"Usinisingizie mimi," alisema Rubiya.

"Baba, ni kupima tu," mama alisisitiza.

Babu alisukuma sahani yake. Alinyoosha mkono, akaichukua shali kutoka kwenye sanduku na kuikunjua mbele yao. "Haya, ulizeni hii. Tazameni vizuri. Mtu asiyeona angeshona hivi?"

Mama na Rubiya waliinama kutazama. Maua yalikuwa yamenyooka. Majani yalikuwa ya kijani, lozi zilikuwa nyekundu, hapakuwa na uzi hata mmoja uliotoka nje ya mstari. Rubiya aliigusa kwa ncha za vidole.

"Ni kweli," mama alikiri. "Nisamehe, Baba. Nilikuwa nimeingiwa na wasiwasi."

"Hakuna neno, mwanangu."

Rifat alikuwa ameshika tonge mkononi. Alijua kwamba angepaswa kufungua mdomo wakati huo huo. Aliyaona maneno yote yamejipanga. Lakini Babu alikuwa akitabasamu kwa fahari, na Rifat akalimeza tonge pamoja na maneno.

Madaktari wa macho walikuja kituo cha afya. Watu walipanga foleni mpaka barabarani. Babu Sonaullah alikaa dirishani kwake akashona.

Baada ya hapo, siku moja jua lilikuwa kali kwa namna ya jua la vuli, lile linalomulika usoni likiwa chini. Babu alikuwa akirudi kutoka msikitini. Njia ilivuka mfereji wa maji kwa daraja la mbao mbili, na jua lilikuwa mbele yake. Rifat, aliyekuwa dirishani na sindano mkononi, alimwona akija. Alimwona akisimama, akiweka mkono juu ya macho, akipapasa kwa mguu. Kisha akamwona akikanyaga mahali ambapo hapakuwa na ubao.

"Babu!"

Rifat alitoka bila viatu. Alipofika, Lassa na vijana wawili walikuwa wamekwisha kuingia mferejini na kumwinua Babu. Maji hayakuwa marefu, lakini yalikuwa yameshuka kutoka kwenye barafu ya mlimani, na Babu alikuwa akitetemeka mwili mzima. Alikuwa ameumia kifundo cha mkono na amechubuka kipaji cha uso. Kofia yake ilikuwa ikielea kuelekea kwenye mashamba ya mpunga.

"Ubao una utelezi," Babu alisema, meno yakigongana. "Ubao mbovu huu."

"Kweli, mbovu," Lassa aliitikia. "Vijana, kesho mbadilishe hizi mbao kabla hazijaua mtu."

Kila mtu aliulaumu ubao. Rifat alisimama pale, miguu yake ikiwa imezama kwenye matope. Ubao ulikuwa mkavu. Aliuona. Na alijua kwamba kama angesema ukweli siku ile ya chakula, babu yake angekuwa amepimwa tayari.

Walimfikisha nyumbani, wakambadilisha nguo, wakamvisha kanzu nzito ya sufu na kumpa chungu kidogo cha makaa akikumbatie ndani ya kanzu apate joto. Mama alifunga kile kifundo kwa kitambaa. Rifat alimfuata mama yake jikoni, ambako Rubiya alikuwa akichochea moto.

"Mama, ubao haukuwa na utelezi."

"Unasema nini?"

"Babu haoni. Nimejua tangu zamani. Shali aliyowaonyesha, ni mimi. Mimi ndiye ninayefumua na kushona upya." Alijifuta pua kwa ushungi. "Na nilimwambia Mwalimu Dilshada kwamba wewe ni mgonjwa, ili asiulize kazi za shule."

Rubiya aliweka kuni chini. Mama alimtazama Rifat kwa muda mrefu. Rifat alisubiri kofi, au kelele. Havikuja.

"Ya mwalimu tutakwenda kuyamaliza kesho, mimi na wewe," mama alisema mwishowe. "Lakini hili jingine usiniambie mimi. Nenda kamwambie mwenye macho."

"Naogopa, Mama."

"Najua. Nenda hivyo hivyo."

Babu alikuwa ameegemea mto. Rifat alipiga magoti mbele yake na kumwambia kila kitu: jani la buluu, maua yaliyopinda, alasiri zote zile. Hakusaza kitu. Alipomaliza, Babu alikuwa ameyafumba macho.

"Kwa hiyo," Babu alisema polepole, "ule mkono niliokuwa nikiusifu ulikuwa wako."

"Nisamehe, Babu. Sikutaka wakufanye kama Babu Ghaffar."

"Ulikaa pale unanitazama nikijisifu kama mtoto. Mbele ya binti yangu. Mbele ya mama yako." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Rifat zaidi. "Toka, Rifat. Niache."

Rifat alitoka, akaketi kwenye ngazi na kulia. Babu hakuja kula. Chai aliyopelekewa ilirudi kama ilivyokwenda. Mama alipojaribu kuingia, aliambiwa kwa adabu kwamba mzee amelala, ingawa kila mtu alimsikia akikohoa.

Asubuhi iliyofuata Rubiya alisema, "Imetosha." Alifungua mlango bila kubisha, akaketi mbele ya baba yake. Rifat na mama walisikia kutoka ukumbini.

"Baba, nina uso wa namna gani leo?"

"Maswali gani haya?"

"Nijibu. Nimecheka au nimelia?"

Kimya.

"Huoni," alisema Rubiya, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimekaa mbele yako na huoni. Shali yako ikiwa na majani ya buluu nitaivaa. Ikiwa na majani ya zambarau nitaivaa na nitampiga atakayecheka. Lakini sitaki kutoka nyumba hii nikiwa bibi harusi halafu baba yangu asiuone uso wangu. Hilo siwezi."

Kikohozi kilisikika. Kisha Babu akasema, kwa sauti ndogo ambayo Rifat hakuwahi kuisikia, "Nawajua watu msikitini kwa sauti zao. Ni muda sasa. Nilipoisikia shali imekaa vizuri chini ya kidole, nilijidanganya kwamba macho yamerudi. Niliogopa, Rubiya." Akavuta pumzi. "Mwite yule mtoto."

Rifat aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Babu alinyoosha mkono wake mzima, akaupapasa uso wake, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Wewe ulinificha, na mimi nilijificha," alisema. "Sasa anayeiona njia anipeleke kwa hao madaktari."

Madaktari walikuwa wamehamia mji wa jirani, lakini walikuwa bado hawajaondoka. Mama, Rifat na Babu walikwenda siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kicheko cha haraka. Alimsikiliza mama akieleza habari za mfereji, akamulika macho ya Babu kwa taa ndogo, moja kisha la pili, akaketi.

"Mzee, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Mtoto? Kwa umri huu?" Babu alisema. "Na tena mapacha!"

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Kisha alieleza bila haraka. Ndani ya jicho kuna lenzi inayopitisha mwanga. Kwa Babu ilikuwa imeingia ukungu, ndiyo maana alichanganya rangi na jua lilimpofusha. Ingetolewa na kuwekwa nyingine safi. Wangeanza na jicho moja, na la pili lingefuata baadaye.

"Nitashona tena?" Babu aliuliza. Alikuwa amelishika goti kwa nguvu.

"Jicho likipona, ndiyo. Lakini si kabla sijakuruhusu. Ungekuja mapema ungejiokoa na ule mfereji."

Rifat alitazama chini. Babu aliugusa mguu wake kwa mguu, kidogo tu, kama kumwambia ainue uso.

Upasuaji ulifanyika hospitali ya mjini. Siku ya kufunguliwa bandeji, wote watatu walikuwa kando ya kitanda: mama, Rubiya na Rifat. Daktari aliiondoa pole pole. Babu alipepesa, akapepesa tena, akageuza kichwa.

"Hafiza," alimwambia mama yake Rifat kwa mshangao, "umeanza kuwa na mvi lini?"

"Kila siku ya matayarisho ya harusi hii inanipa moja, Baba," mama alijibu, akicheka na kulia kwa pamoja.

Babu alimtazama Rubiya, hakusema kitu, akaushika tu uso wake kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Rifat. "Na wewe umekua. Hakuna aliyeniambia kwamba umekua hivi."

Walipofika nyumbani, jambo la kwanza aliloomba ni shali. Aliipeleka dirishani, akaikagua kona hadi kona. Rifat alisimama nyuma yake akiwa amebana pumzi.

"Hapa pazuri," Babu alisema. "Hapa pazuri sana. Hapa ulikuwa na haraka. Hapa ulikuwa na njaa. Na hapa, Mungu wangu, hili ni ua au ni buibui?"

"Nilisikia mlango, nikadhani umerudi," Rifat alikiri.

"Fumua."

Daktari alikuwa amemkataza Babu kushika sindano kwa majuma kadhaa, na harusi ilikuwa inakaribia. Kwa hiyo Babu aliketi akiwa na miwani myeusi na kuelekeza, na wengine walishona. Mama alichukua pindo moja, Rubiya akachukua jingine na kulalamika kwa kila mshono, na Rifat akashughulikia majani ya chinari. Lakini sasa Rifat alishona akisha kumaliza kazi za shule. Alikuwa amekwenda na mama yake kwa Mwalimu Dilshada na kukiri uongo wake wote uso kwa uso. Mwalimu alimsikiliza, akamsamehe, kisha akampa hesabu zote alizoziacha, pamoja na nyingine za kumkumbusha.

"Mama mgonjwa amepona haraka," Sumaira alimtania walipotoka shuleni. Akaketi naye, akamsaidia hesabu ngumu.

Mpunga ulivunwa, ukapurwa na kuhifadhiwa ghalani. Harusi ilifika. Tangu alfajiri nyumba ilijaa wanawake waliokuwa wakiimba, na uani wapishi walikuwa wakitwanga nyama kwa nyundo za mbao mpaka kuta zikatetemeka. Babu Sonaullah alimwita Rifat chumbani kwake. Shali ilikuwa imekunjwa mbele yake, imefuliwa na fundi mtoni na kukaushwa, laini kama pumzi.

"Keti, mjukuu wangu. Nina neno, halafu utakwenda kucheza." Alisubiri mpaka akaketi. "Ulifanya vile kwa sababu unanipenda. Hilo silikatai, na mkono wako ni mzuri, hilo nalo silikatai. Lakini tazama kilichotokea. Ulinifichia maradhi ambayo daktari aliyaondoa asubuhi moja. Ulipoyaficha makosa yangu, uliuficha na ugonjwa, na mimi nikakosa matibabu. Ningeweza kuvunjika shingo mferejini, na wewe ungebeba jambo hilo maisha yako yote."

"Ndiyo, Babu."

"Na mimi nilikosa kama wewe, tena zaidi, maana mimi ni mtu mzima. Mwili ukianza kubadilika, macho, mgongo, chochote, mtu aseme mapema. Ugonjwa si aibu. Na ukimwona mtu umpendaye anapotea njia, usimfagilie nyayo zake ili asijue. Mshike mkono umwambie. Atakasirika. Mimi nilikasirika, sivyo?"

"Ulikasirika sana."

"Na bado niko hapa nakuona." Alimkabidhi shali. "Haya, ipeleke kwa mwenyewe."

Rifat aliibeba kwa mikono miwili mpaka chumba cha wanawake. Rubiya alikuwa ameketi katikati, amevalishwa, amepambwa, macho yakiwa na wanja mzito. Mama aliikunjua shali na kumfunika mabegani. Maua, lozi na majani ya chinari yalishuka mpaka sakafuni. Chumba kizima kilipasuka kwa vigelegele.

"Nimependeza?" Rubiya aliuliza huku akimtazama mmoja baada ya mwingine.

"Umependeza!" wote walisema. "Kama mwezi! Hakuna hata doa!"

Rubiya alimgeukia Rifat. "Na wewe? Mbona umenyamaza?"

Rifat alisita. Wageni wote walikuwa wakimtazama. Kisha akasogea karibu na kumnong'oneza, lakini si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Umependeza sana, Shangazi. Ila umelia, na wanja umeteremka mpaka kidevuni."

Rubiya alinyakua kioo. Alijitazama, akapiga ukelele, na wanawake wote wakaanguka kwa kicheko.

"Ninyi nyote wanafiki!" Rubiya alifoka, naye akicheka mpaka akashika mbavu. "Mngeniacha nitoke hivi mbele ya mama mkwe? Rifat, lete kitambaa. Wewe peke yako ndiye utakayekaa karibu yangu leo."

Rifat alileta kitambaa na maji, akaufuta wanja polepole, mpaka uso wa shangazi yake ukawa safi.